Maumivu ya mapaja si "asidi iliyoganda"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaozidi kuwaambia watu kwamba misuli huuma kesho yake baada ya mazoezi kwa sababu "asidi imeganda". Asidi hiyo, ya laktiki, ambayo misuli huitoa ikifanya kazi kali, haigandi popote. Ukishapumzika, mwili huiondoa ndani ya saa moja hivi, nyingine ikitumika tena kama nishati. Maumivu haya huanza saa 12 hadi 24 baadaye na kupamba moto siku ya pili au ya tatu. Asidi ilishaondoka zamani.

Mtazameni aliyetoka Kilimanjaro. Kupanda humkata pumzi siku tano, lakini kinachomuumiza ni kushuka: kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi, siku hiyo hiyo. Kila hatua, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki. Umekaza huku unavutwa urefuke. Hapo nyuzi zake hupata michaniko midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mwili huanza ukarabati, uvimbe kidogo hufuata, neva huwa nyepesi kuhisi. Kesho yake choo cha kuchuchumaa ni mtihani, na ngazi hushukwa kinyumenyume. Mpagazi aliyeteremka na mzigo wa kilo 20, kwa kawaida, anatembea zake: misuli yake imeshazoea breki hiyo.

Basi mgeni naye aizoeze. Wiki tatu kabla, ateremke kilima au ngazi mara mbili kwa wiki, aanze na dakika 10, aongeze taratibu. Hata zoezi moja la namna hiyo hupunguza maumivu ya mazoezi yajayo kwa wiki kadhaa. Wanaonyanyua vyuma pia: kushusha chuma ndiko kunakochana zaidi kuliko kukiinua.

Maumivu yakishaanza, tembea polepole dakika 20, lala vya kutosha. Kukandwa husaidia kiasi. Kujinyoosha, pamoja na sifa zake zote, hakubadilishi kitu cha maana. Maumivu makali ya ghafla, tena sehemu moja, ni jeraha. Usiyachanganye na haya.

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, isimezwe ovyo na mtu aliyekaukiwa maji, figo zake zinaweza kuumia. Na mkojo ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, huenda misuli imevunjika kupita kiasi na protini yake inaelekea kwenye figo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kesho.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Moshi