Turudishieni bukuleti zetu za UE

Ndugu mhariri,

Salamu na pole na kazi. Naomba nafasi niongelee mitihani ya vyuo vikuu, hasa ule wa mwisho wa semista tunaouita UE, na bukuleti zake, yaani vijitabu tunavyoandikia majibu ambavyo haturudishiwi, maana kila matokeo ya semista yakitoka mjadala unakuwa ule ule, wanafunzi wanalia wameonewa, wakubwa wanajibu vijana wa siku hizi hawasomi wako bize na simu, halafu tunaishia hapo mpaka semista nyingine. Mimi nimemaliza mwaka jana, cheti ninacho, kwa hiyo naweza kusema bila mtu kudhani natafuta maksi.

Kwanza mtihani mgumu siyo uonevu. Kuna lekchara alitufundisha takwimu, mtihani wake ulikuwa moto, darasa zima tulitoka hatuongei, lakini sikuwahi kusikia mtu anamlalamikia kwa sababu testi zake zilikuwa zinarudi, peni nyekundu imepita kila mahali, hapa hatua umeruka, hapa fomula siyo yenyewe, na anatenga kipindi anasahihisha ubaoni swali kwa swali. Ukipata 42 kwake unajua 42 yako imetoka wapi. Sasa kuna mwingine, anaingia siku ya kwanza anawaambia A ni ya Mungu, B ni yangu mimi, nyie gombanieni C, darasa linacheka, kumbe mwenzenu hatanii. Testi hairudi, asaimenti hairudi, maksi za CA, yaani zile za testi na asaimenti za ndani ya semista, zinabandikwa wakati UE ishapita au hazibandikwi kabisa, yaani unaingia kwenye mtihani wa maksi 60 hujui kwenye ile 40 ya ndani una ngapi. Matokeo yakitoka unaona herufi tu kwenye sistimu. D. Ukiuliza unaambiwa kasome.

Kwa wasiojua, vyuo vingi vyetu kuanzia 70 ni A, 60 ni B+, 50 ni B, na 40 ndiyo C ya kuponea, chini ya hapo ni sapu, yaani unarudia mtihani. Na watu wazima wengi wakisikia sapu wanaona ni msaada, si umepewa nafasi ya pili jamani unalalamika nini. Ngoja niwaeleze sapu ilivyo. Inafanyika likizo ndefu inapokaribia kuisha, wewe unatoka Kigoma huko au Tandahimba unarudi chuoni kwa nauli ya mzee, boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, hakuna, hosteli zimefungwa unajibana kwa mshkaji, kula yako ni ya kudra. Hayo tuseme yanavumilika. Linaloniuma ni kwamba sapu hata ukiifanya ukapata 85 kwenye sistimu inaandikwa C, basi, haipandi. Sharti hilo nalielewa kama mtu kweli alizembea, haiwezekani alingane na aliyefaulu mara ya kwanza. Lakini kama kosa lilikuwa la msahihishaji je? Karuka ukurasa wa nyuma, kajumlisha vibaya, kapoteza testi yako ukawekewa sifuri. Hapo aliyekosea ni yeye, anayerudi kufanya mtihani ni wewe, na ile C inakaa kwenye transkripti yako maisha.

Na GPA, ule wastani wa alama zako za kozi zote, siyo mapambo. Matangazo mengi ya kazi ya tutorial asistanti, ngazi ya kuanzia ya ualimu wa chuo, kwenye vyuo vya umma yanataka 3.8 kwenda juu, na kwa sababu GPA inaandikwa kwa desimali moja, kozi moja tu ikitoka B+ kuwa C inaweza kukushusha kutoka 3.8 mpaka 3.7 na maombi yako hayafunguliwi hata bahasha. Hapo sijagusa wanaopata kariova, yaani kubeba kozi mpaka mwaka unaofuata, au kudisko kabisa, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ambao mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unasimama na mwisho wa siku bado deni wanadaiwa.

Watasema rufaa ipo. Ni kweli ipo, nimeiona. Chuo nilichosoma unalipia kila kozi, unajaza fomu, muda ni mfupi kweli yaani ukichelewa kuona matokeo imekula kwako, halafu bukuleti yako inarudi kwenye idara ile ile kwa watu wale wale wanaokunywa chai pamoja, na jibu linakuja mstari mmoja, hakuna mabadiliko. Wewe mwenyewe uliyeandika huruhusiwi kuiona. Sasa najiuliza, mtu anakataje rufaa ya kitu ambacho hajakiona? Hata mahakamani unapewa nakala ya hukumu kwanza ndiyo unaandika sababu zako. Na hiyo siri ya mtahiniwa, kwamba msahihishaji hajui anasahihisha bukuleti ya nani, nayo ni ya kwenye makaratasi tu, tulikuwa tunaandika namba ya usajili ile ile ambayo lekchara anayo kwenye karatasi ya mahudhurio pamoja na majina yetu, mtahini wa nje, mwalimu wa chuo kingine anayekuja kukagua usahihishaji, naye akija anapitia sampuli, hawezi kusoma bukuleti zote.

Niwatetee kidogo walimu pia maana siyo wote wabaya na wengi hali yao siyo nzuri. Kozi zile za wote za mwaka wa kwanza unakuta darasa lina watu mia sita mia saba na lekchara ni mmoja, ana kozi nyingine mbili, ana watu wa masters anawasimamia, anatakiwa achapishe makala ndiyo apande cheo, na matokeo yanatakiwa kwa wiki chache. Binadamu gani atasoma insha mia saba kwa umakini ule ule? Ya kwanza anaisoma, ya mia nne anaangalia mwandiko. Ndiyo maana nasema makosa lazima yatakuwepo, na kama yatakuwepo basi kuwe na njia ya kuyaona.

Ireland kuna jamaa anaitwa Peter Nowak, alikuwa anasomea uhasibu akafeli mtihani wa bodi mara kadhaa, akaomba apewe skripti yake, yaani karatasi yake ya majibu, wakamkatalia wakisema hiyo siyo taarifa yake binafsi. Akakomaa nao kwa miaka mpaka kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2017 mahakama ikasema majibu aliyoandika mtahiniwa na maoni ya msahihishaji pembeni ni taarifa binafsi za mtahiniwa. Najua hukumu ya Ulaya haitufungi huku kwetu. Ila sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na tume yake ipo, na inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake. Ningependa sana kumsikia mwanasheria yeyote atuambie bukuleti yangu niliyoiandika kwa mkono wangu inakuwaje siyo taarifa yangu.

Lingine linasemwa kwa kunong'ona. Usahihishaji wa gizani ndiyo unaompa nguvu yule lekchara anayemwambia binti njoo ofisini jioni tuongelee maksi zako. Rushwa ya ngono ni kosa, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kimeitaja, na TAKUKURU namba 113 unapiga bure. Lakini huyo dada atathibitishaje kwamba alifelishwa wakati karatasi yenyewe imefungiwa kwenye stoo ya huyo huyo?

Kwa wadogo zangu mlioko chuo sasa hivi, haya mambo hayabadiliki kesho kwa hiyo jilindeni. Kila testi ikirudi ipige picha, kila asaimenti ipige picha kabla hujakabidhi na ile karatasi ya kusaini pia. Mwenzetu mmoja aliwekewa 9 kwenye CA wakati testi zake tu zilikuwa zimefika 27, picha zake kwenye simu ndizo zilizomtoa kwenye D mpaka B, bila picha angekuwa ameenda sapu huku anajua kabisa kaonewa. Mkiwa wengi mmefeli kozi moja msiende mmoja mmoja kulia ofisini, mtumeni CR, mwakilishi wa darasa, na orodha, na msiseme tumeonewa, semeni swali la 3 sehemu b halikufundishwa, au CA haijabandikwa mpaka leo, kitu ambacho mkuu wa idara hawezi kukijibu kwa kuwaambia mkasome. Yule waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi naye mtumieni, si serikali yenu mliyoipigia kura.

Ombi langu kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni dogo tu. Matokeo yakitoka, ziwepo siku tatu nne mwanafunzi anaingia ukumbini, msimamizi yupo, anapewa bukuleti yake aangalie, majibu yaliyotegemewa yamebandikwa ukutani, akiona tatizo anaandika hapo hapo na anayesahihisha upya awe mtu mwingine kutoka nje ya idara. Na atakayegundulika alionewa lakini ameshafanya sapu, maksi zake za sapu ziandikwe kama zilivyo siyo C. Udahili kila mwaka TCU wanafungua dirisha la kwanza, la pili, wakati mwingine na la tatu, na tarehe zinafuatwa nchi nzima, hili la bukuleti linashindikana vipi?

Mhitimu,
Mbagala, Dar es Salaam