Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, posho ya refa itangulie kipenga

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,

Kwa heshima, naomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni refa. Alfajiri nabeba magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba, jioni na siku za wikiendi napuliza kipenga kwenye ndondo, yaani mashindano ya soka ya mitaani na visiwani. Silalamikii kubeba magunia. Nakuandikia juu ya kipenga.

Kiangazi kilichopita nilipanda meli kwenda Ukerewe kuchezesha fainali. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume, amefungwa kwenye mwembe nyuma ya goli, anatafuna huku watu wakipiga naye picha. Tulikubaliana Sh 40,000 kwa refa wa kati na Sh 25,000 kwa kila mshika kibendera, nauli mbali. Mapumziko, matokeo yakiwa sare, mwandaaji alinifuata nikiwa nakunywa maji. Akanishika bega kirafiki kabisa: "Refa, hela yako ipo, usijali. Wewe tumalizie vizuri tu."

Hakunipa hata shilingi, Mheshimiwa, wala hakutaja timu. Lakini timu ya nyumbani ilikuwa yake, na posho yangu ilikuwa mfukoni mwake.

Dakika ya 81 wenyeji wakafunga. Kibendera cha kulia kilikuwa juu kitambo, mfungaji ameotea hatua mbili nzima, nikakataa goli. Watu wakaingia uwanjani. Mkono wa shati langu ulibaki kwa mtu nisiyemjua, na aliyeniokoa ni mama mmoja muuza karanga aliyenikinga kwa mwavuli wake hadi kwenye ofisi ya kijiji. Jioni nikaambiwa viingilio havijahesabiwa, nichukue hiki kwanza. "Hiki" kilikuwa mfuko wenye sato watatu. Sato wenyewe walikuwa wanono, sitawasingizia. Nauli ya kurudi Mwanza nilimkopa mshika kibendera yuleyule.

Watu wakisikia refa amehongwa wanawaza bahasha ya usiku. Huku chini bahasha haihitajiki. Anayeshika posho ya refa hadi mechi iishe ameshika na kipenga chake, na kijana wa miaka 20 anayeanza kazi hii anajifunza hilo mapema kuliko anavyojifunza sheria ya faida, ile ya kuacha mpira uendelee pale aliyechezewa rafu akinufaika.

Na wote tunaanzia huko. Jonesia Rukyaa wa Kagera, jirani zetu wa ziwa hilihili, amefika hadi kusimama katikati ya Simba na Yanga. Njia ya kwenda huko ni ndefu na ni ya jasho. Kwa refa mwanaume wa kimataifa, kipimo cha FIFA kimekuwa mbio 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, unarudia mara 40. Beji yenyewe ya FIFA ni ya mwaka mmoja, mwakani unaipigania upya. Mimi bado niko mbali nayo, lakini najipima saa kumi na moja asubuhi barabara ya Makongoro kabla malori hayajaanza kushusha. Wenzangu wawili tulioanza pamoja wameacha. Si mbio zilizowashinda. Mmoja alichoka kudai, mwingine alizoea kutodai, nadhani unanielewa.

Tangu timu yetu ya Pamba Jiji ipande Ligi Kuu mwaka 2024, Kirumba imechangamka, na AFCON ya 2027 inakuja nchini kwetu, Kenya na Uganda. Sikuombi uwanja wala jezi.

Naomba agizo moja. Ndondo yoyote mkoani isipewe kibali hadi posho ya marefa wa mechi zote iwe imewekwa kwa mtendaji wa kata, kwa stakabadhi, na refa aichukue kwake kabla hajaingia uwanjani. Mtendaji hupokea fedha za watu kila siku, hili si geni kwake. Waandaaji watakwambia mashindano yatakufa. Waulize ng'ombe walimnunua kwa shilingi ngapi. Anayemudu dume la ng'ombe hashindwi Sh 90,000 za watu watatu.

Na mgambo wawili, Mheshimiwa, kama si usumbufu. Yule mama na mwavuli wake hawezi kuwa kila kiwanja.

Jumamosi hii nina nusu fainali Igoma. Shati nimelipeleka kwa fundi, mkono umerudi ingawa uzi haufanani. Jana nilimpigia mwandaaji kuulizia posho. Akacheka vizuri tu, akasema, "Ipo, refa, usijali."

Wako katika ujenzi wa taifa,
Refa wa ndondo, Mwaloni