Matambara ya Ebedmeleki

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu, mafua yake yamepungua. Tangu ulipopiga simu juzi usiku ukilia, sijalala vizuri. Ulisema yule bibi wa wodini kwenu huvutwa kwa makwapa anapohamishwa kitanda, akilia anaambiwa anajidekeza, na wewe mgeni kazini ukanyamaza. Sikulaumu. Ila nina neno, na simu haitoshi.

Unajua miaka niliyochimba visima huku Mbagala na Kigamboni. Siku moja mchanga ulianza kuporomoka nikiwa chini, wenzangu wakanivuta juu kwa pupa. Nilitoka hai, lakini wiki mbili sikuweza kuinua mkono nivae shati. Ndiyo maana nikisoma Yeremia sura ya 38 husimama mahali ambapo wengi hupita.

Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, mkate unakwisha. Wakuu wamemshusha nabii Yeremia katika shimo la Malkiya, halina maji ila tope, naye anazama. Kosa lake ni kuwaambia watu wajisalimishe ili waishi. Mfalme Sedekia amekiri hawezi kuwazuia wakuu hao. Ndipo anatokea Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri, towashi katika nyumba ya mfalme. Mgeni, mweusi kama sisi. Anamfuata mfalme hadi lango la Benyamini, anamwambia waziwazi kwamba watu hawa wametenda uovu. Mfalme anampa watu 30. Ni wengi kwa kumtoa mtu mmoja, lakini mimi naona mwenye njaa havuti kamba sawasawa, na wale wakuu bado walikuwepo.

Sasa tazama. Ruhusa anayo, watu anao, na shimoni mtu anakufa. Angeweza kukimbilia huko moja kwa moja. Yeye anapita kwanza chini ya hazina, anachukua nguo kuukuu na matambara, anayashusha kwa kamba, kisha anamwambia Yeremia ayaweke kwapani, kamba ipite juu yake. Mwanangu, kamba peke yake ingemtoa Yeremia hai. Matambara ndiyo yanayonifanya nimpende Ebedmeleki. Alimwonea uchungu mwenzake hata kwa ngozi ya kwapa, vita ikiwa mlangoni.

Na usidhani hakuogopa. Katika sura ya 39 Mungu anamwahidi kwamba mji utakapoanguka hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Nilisoma mstari ule mara nyingi kabla sijauona. Mungu mwenyewe alijua hofu yake, hakumkemea, akampa uhai wake kwa kuwa alimtumaini.

Kwa hiyo ukiingia zamu Jumatatu, nenda kwa msimamizi wa wodi. Sema kwa heshima, lakini sema yote uliyoniambia mimi. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Bibi asingoje mpaka msimamizi aamue. Mama yako ametoa khanga zake mbili kuukuu, zimefuliwa mpaka zimelainika kama pamba. Kaka yako atakuletea Jumamosi. Zikunje, mpitishie bibi chini ya mgongo na mabega, mwombe mwenzako ashike upande wa pili, mmwambie bibi kwamba mnataka kumnyanyua, halafu mnyanyue pamoja, taratibu.

Baba yako