Ski dola 1,350 halafu hazina baindingi? Tuongee kabla hujashika drili

Sisi ni kakiwanda kadogo hapa Colorado, tunatengeneza ski za kuteleza kwenye theluji. Hii post nimeiahirisha kitambo ila wiki iliyopita kuna kaka katuandikia meseji ndefu kwamba tumempiga hela, na sio wa kwanza, kila msimu ukianza lazima wapatikane wawili watatu wenye maneno hayohayo. Kwamba amelipa dola 1,350, boksi limefika, ndani kuna ski mbili tupu bila baindingi, kile kifaa cha kushikia buti kwenye ski, "ni kama kuuziwa gari halina matairi". Akaamua kufunga baindingi mwenyewe gereji kwake, siku ya pili mlimani ya mguu wa kulia ikang'oka na skrubu zake, sasa anataka warantii na sisi tumekataa.

Haya. Kuuza ski bila baindingi hatukuanzisha sisi, hata makampuni makubwa ski zao nyingi za milimani zinauzwa hivyo, kwa sababu baindingi inachaguliwa kufuata buti lako na uzito wako, sio kufuata ski peke yake. Na kwenye oda yako tumeandika, nimeangalia tena, ipo pale chini ya urefu wa ski.

Bei sasa. Watu wanasema dukani mwezi wa nne wamekuta ski za msimu uliopita kwa 400, mbona nyie wa kakiwanda kadogo ndio mko juu. Jamani, kiwanda kikubwa kinachukua faiba na chuma cha kingo kwa kontena, sisi tunachukua robota moja moja, na kwenye bei ya robota moja hakuna anayetuonea huruma. Halafu mkono. Mimi kabla ya kuja Colorado nilikuwa seremala Keko, Dar es Salaam, makabati na vitanda, kwa hiyo mbao naijua, ila hakuna kabati lililowahi kunisumbua kama kiini cha ski. Unaunganisha vipande vya popla na mepo vimesimama wima, popla kwa wepesi, mepo pale ambapo skrubu za baindingi zitang'ata, unaviranda mpaka katikati chini ya buti ni milimita 11 hivi na kwenye ncha ni 2 tu. Ukizidisha randa kidogo tu pale kwenye ncha ski inakuwa tepetepe, kiini kizima unatupa. Chuma cha kingo nakikunja kwa mkono kufuata umbo la soli, yaani upande wa chini wa ski, nakishika kwa supaglu, kinafuata kipande chembamba cha raba juu ya chuma, faiba, epoksi, kiini, faiba tena, ganda la juu, ndio inaingia kwenye presi. Presi yetu inasukumwa na mpira wa zimamoto, ule mpira kabisa wa kuzimia moto, unajazwa upepo unaminya moldi huku mablanketi ya umeme yanapasha mpaka nyuzi kama 80. Wageni wakija wanacheka wakiuona. Hapana, haujapasuka bado.

Huo mpira ndio uliotuweka mjini, sisi na wenzetu wote wadogo. Zamani moldi ya chuma kwa kila urefu wa ski ilikuwa hela ndefu, mtu wa gereji hawezi. Japo hata K2 wenyewe, kampuni kubwa ya ski, mwaka 1962 walianza kama kitu kidogo pale kisiwa cha Vashon, jimbo la Washington, wakakua, baadaye uzalishaji ukahamia China. Kampuni nyingine ya ski, Line, ilianzia gereji mwaka 1995. Halafu 2002 Volant wakatoa Spatula, ile ski pana aliyoisukuma Shane McConkey, mteleza ski maarufu, watu wakaona kumbe kwenye theluji laini ski pana iliyoinuka ncha inaelea, wakaanza kudai maumbo ambayo viwanda vikubwa vilikuwa vinasitasita kuyatoa. Watu wakagawana michoro ya presi mtandaoni, moldi zikawa za mbao, kila bonde likapata fundi wake. Wagner, watengenezaji wenzetu walioanza 2006, wako Telluride na ski moja moja kwa kipimo cha mteja, na bei zao ziko juu kuliko zetu, nendeni mkaulize halafu mrudi mniambie nani mwizi.

Turudi kwenye drili maana hapo ndipo pesa inapotea. Ski zetu hazina bati la chuma ndani, kwa hiyo biti ya drili ni milimita 3.6 na kina ni milimita 9.5, basi. Ski zenye bati ni 4.1. Biti yenyewe ina bega, ikifika kina inasimama yenyewe. Kaka yetu alitumia biti ya kawaida ya mbao, amefunga selotepu kama alama ya kina, na skrubu za baindingi kichwa chake ni Pozidriv namba 3 yeye kakomaa na bisibisi ya Phillips mpaka vichwa vimekuwa mviringo. Tulipozigeuza hizo ski ukipitisha kidole kwenye soli unavisikia vinundu viwili, hapo skrubu imefika chini na inasukuma soli kwa ndani. Matundu mengine ni mapana, skrubu inazunguka tu haishiki. Na hakuweka gundi hata tone. Gundi sio ya kushikilia tu, inaziba maji, theluji ikiyeyuka inaingia tunduni, mbao inavimba, msimu unaofuata faiba inaachana na kiini na hapo hakuna fundi atakayekusaidia.

Sisi kufunga ni dola 70. Kwake tumeziba matundu, tumeingiza vishikio vya chuma vya skrubu kwenye mawili, tumesogeza baindingi mbele kidogo maana tundu jipya lisikae chini ya sentimita moja na la zamani, imefika 210, na ski sasa inakaa tofauti na alivyoagiza. Anasema ndio tumempiga mara ya pili.

Kuna dada wa Aurora yeye alipata baindingi za mtumba kwenye Marketplace, dola 40, akafurahi, kuleta buti ni GripWalk, ile soli yenye mkunjo wa kutembelea, na baindingi ni za zamani hazikubali soli hiyo. 40 zimekwenda. Mwingine alifunga vizuri tu kwa fundi, akafika nyumbani akapandisha DIN, namba ya ukazaji wa baindingi, mpaka 10 kwa sababu shemeji yake ana 10. Shemeji ana kilo 100 na anateleza tangu utoto! Yeye ana 62 na ndio msimu wa kwanza. Ile namba inatoka kwenye uzito, urefu, umri, unavyoteleza na urefu wa soli ya buti, na kazi yake ni buti liachie kabla goti halijaachia. Huyo tulimrudishia chini bure, siku hiyo sikutaka hata kubishana.

Na nyumbani wakisikia ski wananitajia Philip Boit, yule Mkenya wa Olimpiki ya Nagano 1998, sawa kabisa heshima yake, ila zile ni za nyikani, nyembamba na kisigino kinanyanyuka, usiangalie video za kuzifunga ukadhani ndio hizi.

Kwa hiyo ukiagiza, tuletee buti lenyewe, yote mawili, sio namba ya kiatu kwenye WhatsApp, tunapima soli kwa milimita. Mje katikati ya wiki, Jumamosi kabla ya Thanksgiving foleni inafika nje. Kufunga siku tatu. Kama umeshatoboa, usiongeze tundu lingine, zilete hivyohivyo na skrubu zake.