Mazoezi ya kuzungumza IELTS (mtihani wa Kiingereza), Alhamisi saa 2 usiku

Habari za jioni wapendwa. Alhamisi tunafanya sehemu ya pili, ile ya kadi yenye mada ya kuzungumzia, maana ndiyo inayowatesa wengi wetu. Unapewa dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea peke yako hadi dakika 2. Andika maneno manne matano tu, usiandike sentensi. Na jamani, tuache kukariri majibu! Mtahini anayatambua upesi, na yanakuponza. Lafudhi yetu si kosa. Kwenye matamshi kinachotakiwa ni ueleweke. Ufasaha, msamiati na sarufi navyo vina uzito uleule. Kila mmoja ajirekodi kwa simu, anitumie sauti kabla ya Jumatano jioni, nitasikiliza zote. Mnaokaa kimya kwenye kikundi, ninyi hasa ndio nawasubiri.