Zile herufi za jimu ulizoniuliza

Unguja, Jumapili jioni

Shoga yangu Rukia,

Za masiku? Huku hatujambo, mama na goti lake vilevile. Umeniuliza ile picha niliyokutumia imeandikwa nini. Haijaandikwa kitu, bibi wee! Ni neno "maji" kwa hati ya Kiarabu, ile tuliyofundishwa chuoni, alifu kwa kijiti, ila nimelivunjavunja mpaka halisomeki.

Aliyenichokoza ni Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Omdurman, Sudan. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, kwa hiyo herufi alizijua tangu mdogo. Mwaka 1954 akaenda London kusomea uchoraji. Aliporudi Khartoum akaonyesha picha zake, watu wala hawakuzijali. Basi akaanza kutia maandishi madogo pembeni mwa picha, kama stempu ya barua. Watu wakasogea. Akayatandaza, wakasogea zaidi. Mwishowe akazivunja herufi zenyewe, humo ndani yakachomoza mimea, wanyama na maumbo ya watu. Mwaka 2013 jumba la sanaa la Tate Modern, London, likamfanyia maonyesho makubwa, lakini mimi nilichokipenda ni ile stempu.

Nikachonga kalamu ya tete, nikatafuta wino. Mimu, ile herufi ya m, ilinitesa: kila nikiifungua inarudi kuwa mimu. Lakini jimu, ile ya j! Ndani ya neno hukatwa mkia. Nikaitoa ikasimama peke yake, tumbo likashuka mpaka chini ya karatasi. Nikaichora mara saba, kila moja ikimlalia mwenziwe, nukta nikazisukuma nje. Hapo jicho likaacha kusoma. Kazi ni kuishika kalamu kwa mshazari uleule. Ikikugeuka mkononi tu, mstari unanenepa pasipotakiwa.

Nilizoharibu zilifika kama 20. Mama akazikuta kwenye kapu la taka, ikawa kesi: maandishi ya Kiarabu hayatupwi! Nikamwambia si aya hiyo, mama, ni maji tu. Wapi! Kaziokota moja moja, kazinyoosha juu ya paja, akawa anajaribu kuzisoma. Moja akaigeuza juu chini, akanyamaza.

"Hii mbona kama ngalawa imepwelewa?"

Hiyo ndiyo niliyokutumia. Nahisi wewe umeitazama kama nilivyoichora mimi. Hebu igeuze.

Wako,
Mwanahawa