Hamada hakuwa msaidizi wa Leach

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach nimeisoma kwa furaha, ila imesimulia kazi ya watu wawili kana kwamba ni ya mmoja. Leach alijifunza ufinyanzi Japani, na aliporudi Uingereza mwaka 1920 kufungua karakana yake mjini St Ives, alifuatana na Shoji Hamada, kijana Mjapani aliyekwisha kusomea kemia ya udongo na ya majivu ya kupakia vyombo, elimu ambayo mwenzake hakuwa nayo. Tanuri lao la kwanza la kuni, ambalo vyumba vyake hupanda mteremko kwa mtindo wa Kijapani, walilijenga pamoja. Kumwita Hamada "msaidizi", tena mara moja tu, si haki.

Mwaka 1924 Hamada alikuwa ameshahamia Mashiko, kijiji cha Japani cha wafinyanzi wa mitungi na vyombo vya jikoni, akawa anatumia udongo wa pale pale, mawe ya huko yaliyosagwa na majivu ya makapi ya mpunga. Vyombo vyake vya huko hakuvipiga muhuri wa jina lake, kwani yeye na rafiki yake Yanagi Soetsu waliamini kuwa uzuri umo katika bakuli la kila siku la fundi asiyejulikana jina. (Hata hivyo, mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtangaza kuwa hazina hai ya taifa, na bakuli hizo zisizo na jina leo zimo katika kabati za vioo za makumbusho.)

Aidha, makala imekomea Uingereza, ilhali mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria (si mji mkuu wa leo, bali mji ambao sasa unaitwa Suleja), na hapo ndipo Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alipofika mwaka 1974. Msidhani, basi, kwamba alikwenda kupokea Ujapani uliopitia Uingereza. Aliyemfaa zaidi alikuwa Ladi Kwali, mwanamke aliyekuwa bingwa wa mitungi kabla Cardew hajamwona, na ambaye, ingawa alifundishwa kituoni kufinyanga kwa gurudumu linalozungusha udongo, mitungi yake mikubwa aliendelea kuifinyanga kwa mkono, chombo kikiwa kimetulia na yeye akikizunguka. Odundo naye hadi leo hatumii gurudumu, wala vyungu vyake havipaki ule ujiuji wa majivu unaogeuka kioo motoni. Huvisugua mpaka ving'ae, kisha moto huvitoa vyekundu au vyeusi.

Msomaji wenu,
Nairobi